Kitabu cha Pili Mezani: Kumtafutia Remi Mwenzake

Maswali ya insha ya fasihi ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania mara nyingi humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili. Walimu wanalijua hilo, kwa hiyo hutafuta vitabu viwili vyenye dhamira moja na kuvifundisha kimoja baada ya kingine. Matokeo yake huonekana kwenye karatasi za majibu: aya mbili zinazosema jambo lile lile, ila majina ya wahusika yamebadilika. Mwanafunzi wa namna hiyo hajalinganisha kitu. Ameorodhesha tu.

Dhamira ya utambulisho na kujitambua ndiyo inayoumia zaidi. Fasihi ya Afrika ya miaka ya uhuru imejaa vijana waliosoma, wakakwama kati ya kijiji na mji. Ukichagua kwa dhamira peke yake utapata rundo la vitabu, na hutakuwa na sababu ya kukiacha hiki ukachukua kile. Msimamo wangu ni kwamba matini mwenza, yaani ile ya pili inayosomwa pamoja na ya kwanza, huchaguliwa kwa sababu inajibu swali ambalo kitabu cha kwanza kimeliacha wazi. Kufanana ni mlango wa kuingilia tu.

Tuchukue mfano wa The Black Hermit, tamthiliya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika sekondari zetu. Ngũgĩ aliiandika akiwa mwanafunzi wa Makerere, ikaigizwa kwa mara ya kwanza mjini Kampala mwaka 1962, Uganda ilipokuwa ikisherehekea uhuru. Remi ni kijana wa kwanza wa kabila lake la Marua kufika chuo kikuu. Kaka yake anapofariki, anatakiwa amrithi mjane, Thoni, kama mila inavyoelekeza. Anakubali, kisha anakimbilia mjini, ambako ana uhusiano na Jane, mwanamke wa Kizungu. Wazee wanamfuata na dawa ya jadi. Mchungaji anamfuata na Biblia. Wote wanataka arudi, lakini kila mmoja ana Remi wake: wazee wanataka kiongozi wa kabila, kanisa linataka muumini, mama anataka mwanawe. Remi anarudi kwa hasira, akipigana na ukabila na mila hadharani, wala hakai chini kumsikiliza mkewe. Thoni anajiua. Barua yake inamfikia Remi maji yakiwa yameshamwagika.

Kabla ya kwenda maktaba, mwalimu akae na kitabu hiki aandike maswali ambayo hakiyajibu. Mimi naona matatu makubwa. Thoni anajiona nani, nje ya kuwa mke wa fulani na mjane wa fulani? Deni la msomi kwa waliomsomesha linalipwaje, tena kwa fedha taslimu? Na hadithi hii ingesikikaje katika lugha ambayo mwanafunzi huitumia akigombana na mama yake? Kila swali lina kitabu chake.

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Thoni tunamsikia mwanzoni, akikataa ushauri wa mama mkwe wake wa kuolewa na mwanaume mwingine. Kisha mchezo unahamia mjini, naye anabaki kijijini, mbali na masikio yetu. Tunaambiwa Remi anamfikiriaje. Yeye mwenyewe hatumsikii kwa muda mrefu. Hapo ndipo pa kuleta Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino ni mwanamke wa Kiacholi ambaye mumewe msomi, Ocol, anamdharau na kumtaka Clementine, mwanamke aliyeiga mambo ya Kizungu. Masaibu yake yako karibu sana na ya Thoni, ila Lawino hanyamazi. Utenzi mzima ni sauti yake.

Darasani si lazima utenzi wote usomwe. Chukua sehemu ambayo Lawino anatutembeza jikoni kwa mama yake. Anataja jiwe la kusagia, vyungu, kuni na moto wake. Anaeleza pia kwa nini jiko la umeme la mumewe linamtia hofu. Waulize wanafunzi: mwanamke huyu anajijua? Watasema ndiyo. Waulize: mmejuaje, wakati hajasema popote kwamba anajijua? Watagundua wenyewe kwamba utambulisho wake umo katika vitu anavyovishika na kuvitaja kwa majina, kila kimoja na kazi yake. Sasa warudishe kwenye The Black Hermit na uwape kazi moja: tafuta Ngũgĩ amempa Thoni vitu gani vya kushika, na maneno gani ya kuvisemea. Mwanafunzi aliyekuwa amekariri muhtasari atalazimika kukifungua kitabu upya na kusoma mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo kazi ya matini mwenza: kumrudisha msomaji kwenye kitabu cha kwanza akiwa na macho mapya.

Hata hivyo, msichana wa kidato cha tatu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba yeye si Lawino. Lawino hakwenda shule. Yeye yuko shuleni, na hana nia ya kurudi kwenye jiwe la kusagia. Mjibu kwa Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1988. Tambu anapata nafasi ya shule ya misheni baada ya kaka yake kufariki, na anatueleza tangu mwanzo kwamba kifo hicho hakikumsikitisha. Binamu yake Nyasha, aliyekulia Uingereza, ana elimu yote ambayo Tambu anaitamani, lakini anaumwa kwa kukosa mahali pa kusimama. Hapo darasa litaona kwamba shule inaweza kumpa msichana jina lake, na inaweza pia kumnyang'anya.

Swali la pili, la deni, linajibiwa na Chinua Achebe katika No Longer at Ease ya mwaka 1960. Obi Okonkwo anafanana na Remi kiasi kwamba walimu wengi huwaweka pamoja bila kufikiri mara mbili. Amesomeshwa na watu wa kwao, amerudi na shahada, na anampenda mwanamke ambaye ukoo haumtaki. Lakini thamani ya kitabu hiki kwetu imo pale wanapotofautiana. Remi anadaiwa uongozi na heshima. Obi anadaiwa paundi 800 alizokopeshwa na chama cha watu wa kijiji chake, na juu ya hizo kuna gari, bima ya gari, karo ya mdogo wake na matumizi ya wazazi. Achebe anaandika bili moja baada ya nyingine, mpaka tunaelewa jinsi kijana aliyechukia rushwa anavyoishia mahakamani kwa kuipokea. Utambulisho, kumbe, una hesabu zake. Wanafunzi wetu, ambao wengi wanasomeshwa kwa michango ya mjomba, shangazi au kaka mkubwa, wanalielewa hilo haraka kuliko neno lolote la kitaalamu.

Kwa swali la tatu ninapendekeza jambo ambalo baadhi ya wakuu wa idara hawalipendi: lete kitabu cha Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, inamhusu Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe na kujikuta mgeni mbele ya wazazi wake. Mwanafunzi akisoma kurasa chache za Kazimoto, fikra zinamjia bila kupigania msamiati. Akishajua anachotaka kusema, aandike insha yake kwa Kiingereza, na itakuwa na hoja ndani yake. Ukitaka matini iliyopo katika lugha zote mbili, ipo riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyotoka mwaka 2022. Kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya madeni ya baba yake, kinaweza kusomwa ukurasa kwa ukurasa katika lugha hizo mbili.

Matini mwenza si lazima iwe kitabu kizima. Shule nyingi hazina nakala za kutosha hata za vitabu vilivyoteuliwa, na muhula ni mfupi. Shairi la Gabriel Okara, "Piano and Drums", linaingia katika kipindi kimoja na linabeba mvutano ule ule wa Remi. Methali nazo hazina gharama. Andika ubaoni "Mkataa kwao ni mtumwa", na chini yake "Mtembea bure si sawa na mkaa bure". Ligawe darasa makundi mawili, kila kundi litetee methali yake kwa ushahidi kutoka katika tamthiliya. Nusu saa ya ubishi huo huzaa aya ambazo hutazipata kwenye madesa.

Jambo moja lichukuliwe kwa uzito. Vitabu vya kujitambua hugusa majeraha ya kweli. Thoni na Kazimoto wote wanaishia kujiua, na Kichwamaji ina kurasa zinazowafaa zaidi wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Mwalimu asome matini yote kabla ya kuipeleka darasani, achague kurasa kulingana na umri, na awe tayari kuzungumza pembeni na mwanafunzi atakayeonekana kuguswa, au kumfikisha kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Vilevile asimlazimishe yeyote asimulie maisha yake mbele ya wenzake. Darasani wamo wanaolelewa na bibi, wamo wasiowajua baba zao, wamo waliotoka nchi jirani na kujifunza kulificha kabila lao. Mwache mwanafunzi aseme kupitia Remi au Tambu. Akitaka kujitaja, atajitaja mwenyewe.

Mwisho wa kazi yote hii ni insha, na dalili ya mafanikio ni rahisi kuiona. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa dhamira peke yake ataandika kwamba Remi na Obi wote wana mgogoro wa utambulisho. Aliyefundishwa kwa maswali ataandika kwamba Remi analikimbia deni la heshima wakati Obi anazama katika deni la fedha, na kwamba wote wawili wanaharibikiwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa na watu wake na kuwaambia ukweli mapema. Sentensi ya pili ina hoja. Msahihishaji ana kitu cha kukipa alama, na mwandishi wake ameondoka na jambo la kumfaa maishani.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, muhula ujao usitafute orodha ndefu. Chukua kitabu kimoja kati ya vile unavyofundisha, andika swali moja ambalo kimelikwepa, kisha tafuta kurasa mbili za mwandishi mwingine zinazothubutu kulijibu. Kama hujui pa kuanzia, anza na Thoni. Wanafunzi wako wamemsikia Remi vya kutosha.