Utangulizi: Jinsi Programu Inavyosimamishwa Njiani

Mkulima wa Nachingwea akipokea malipo ya korosho pungufu ya alivyotarajia, hatosheki kuambiwa kuwa pesa zimekatwa. Anataka kujua zimekatwa hatua gani: mzanini, ghalani, chama cha msingi, chama kikuu au benki. Taaluma ninayokukaribisha humu inauliza swali hilohilo kuhusu programu za kompyuta. Hesabu iliyotoka imeharibika, iliharibikia wapi?

Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale zinahudumiwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na minada ya korosho siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Programu nitakayoitumia si yao. Nimeitunga kwa ajili ya somo. Inachukua kilo zilizouzwa, inazidisha kwa bei, inatoa jumla. Tufanye bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Mnada wa tani 715 unapita salama na kutoa shilingi 2,145,000,000. Siku ya mnada wa tani 800, programu inaandika jumla ya hasi 1,894,967,296. Kwa kusoma karatasi hiyo mtu angedhani wakulima ndio wanaodaiwa, tena karibu bilioni mbili.

Wanafunzi wengi huanza kwa kupachika amri za kuchapisha kila mahali ili waone namba zinavyobadilika. Siidharau njia hiyo, hata mabingwa huitumia. Ubaya wake ni kwamba kila swali jipya linadai programu ibadilishwe na kutengenezwa upya. Ndiyo maana kuna dibaga, programu inayoendesha programu nyingine na kuisimamisha pale unapotaka. Mojawapo inayotumika sana ni GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, nayo ni ya bure. Pale unapochagua isimame panaitwa brekipointi. Mimi nitapaita kituo.

Wengi hudhani dibaga hukaa pembeni ikichungulia kila amri inayopita, halafu inapaza sauti: simama! Ingefanya hivyo, programu ingejikokota. Inachofanya ni ujanja zaidi: inaibadilisha programu yenyewe.

Tuseme umeagiza kituo kwenye mstari wa kuzidisha. Kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kuwa amri za kichakataji, ikiwa imeombwa, huacha jedwali linaloonyesha kila mstari ulioandika unaangukia anwani gani kwenye kumbukumbu. Dibaga inasoma jedwali hilo, inakwenda kwenye anwani, inakuta baiti ya kwanza ya amri, tuseme 8B kwa namba za heksadesimali, sehemu ya amri ya kuleta idadi ya kilo kwenye rejista, hifadhi ndogo iliyomo ndani ya kichakataji. Inaitunza 8B kando, kisha inaandika CC mahali pake. Kwa vichakataji vya Intel na AMD, CC ni amri kamili yenye maana moja: acha kazi, toa taarifa. Programu inakimbia kwa kasi yake yote, bila kujua lolote, hadi inapoikanyaga CC. Kichakataji kinakabidhi usukani kwa mfumo endeshi, nao unaiamsha dibaga. Sasa programu imesimama wima na kila kigeu kinasomeka.

Kwa nini baiti moja tu? Hapa ndipo mimi hupenda kukaa. Amri za Intel hazina urefu sawa. Fupi kabisa ni baiti moja. Kama amri ya kusimamisha ingekuwa ya baiti mbili na ukaiweka juu ya amri ya baiti moja, ingefunika mwanzo wa amri inayofuata. Njia nyingine ndani ya programu ikirukia hapo moja kwa moja, ingekuta takataka. Amri ya baiti moja haiwezi kumwagikia kwa jirani. Simu nyingi tulizonazo mikononi zina vichakataji vya ARM, na katika ARM ya biti 64 kila amri ina baiti 4, hivyo tatizo hilo halipo: amri iitwayo BRK inajaza nafasi ileile kamili.

Kusimama ni nusu ya kazi. Kuendelea ndiko kugumu. Kichakataji cha Intel kikishaitekeleza CC, kielekezi chake cha amri inayofuata kimeshasonga baiti moja mbele, ndani ya tumbo la amri iliyokuwepo. Kwa hiyo dibaga inakirudisha nyuma baiti moja, inaweka tena 8B, inakiruhusu kichakataji kitekeleze amri hiyo moja peke yake, inairudisha CC, ndipo inaachia programu iende. Ukisahau hatua ya mwisho, kituo kinafanya kazi mara moja tu kisha kinatoweka. Programu ikiwa na nyuzi kadhaa za utekelezaji zinazokwenda pamoja, ule muda mfupi ambao CC haipo ni hatari, kwani uzi mwingine unaweza kupenya bila kukamatwa.

Faili la programu lililoko kwenye diski haliguswi. Mfumo endeshi unaipa programu inayochunguzwa nakala yake ya ukurasa husika wa kumbukumbu, kwa kawaida baiti 4,096, na mwenzako anayeendesha programu hiyohiyo hapati habari. Ukiiomba GDB ikuonyeshe baiti ya anwani ile, itakuonyesha 8B, maana inaificha CC yake. Programu inayojikagua msimbo wake yenyewe haidanganyiki hivyo; itaiona CC, na baadhi hugoma kuendelea.

Wazo la kusimamisha ni kongwe kuliko dibaga. Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioiprogramu kompyuta ya ENIAC nchini Marekani miaka ya 1940, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. ENIAC ilipangwa kwa nyaya, hivyo kuchomoa waya kulitosha kuikatisha kazi.

Kituo cha kupachika CC kinahitaji kumbukumbu inayoandikika. Kompyuta ndogo ndani ya mzani wa kidijitali mara nyingi programu yake imo kwenye kumbukumbu isiyoandikika kirahisi. Hapo hutumika vituo vya maunzi, yaani rejista maalumu za kichakataji. Intel wanakupa nne tu.

Turudi mnadani. Programu imesimama: kilo ni 800,000, bei ni 3,000, zote sahihi. Tekeleza mstari mmoja, jumla inageuka hasi. Basi kosa halimo kwenye takwimu zilizoingizwa, limo kwenye chombo: kigeu cha biti 32 kinachokubali namba hasi hakibebi zaidi ya 2,147,483,647, na kwa bei yetu mpaka huo unavukwa kabla ya tani 716. Kigeu cha biti 64 kinamaliza ugomvi. Usiniamini kwa maneno. Andika programu hiyo kwa lugha ya C, weka kituo, uione namba ikigeuka, kisha ufungue sura ya kwanza.