Ritifaa katika Majaribio ya Mtandaoni: Kosa la Mwanafunzi au la Mashine?

Majaribio mengi ya Kiswahili siku hizi hufanywa kwenye fomu za mtandaoni, na wanafunzi wengi huzijaza kwa simu. Mwanafunzi anaweza kuandika "ng’ombe" kwa usahihi, lakini mfumo ukampa sifuri. Mwalimu asipolipitia jibu hilo mwenyewe, alama hupotea bure.

Chanzo ni ritifaa. Machoni petu ni alama moja, lakini kwa kompyuta ziko zaidi ya moja. Katika Unikodi, ritifaa iliyonyooka (') ina msimbo U+0027, na iliyopinda (’) ina msimbo U+2019. Mwalimu anayeandaa majibu kwenye kompyuta mara nyingi huingiza ile iliyonyooka. Kwa upande mwingine, simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, huweza kuipinda zenyewe mtu anapoandika. Mfumo unaolinganisha msimbo kwa msimbo huyaona majibu hayo kuwa maneno mawili tofauti.

Hali hiyo ni tofauti na ya mwanafunzi aliyezoea kuandika Kiganda, ambaye huenda akaleta herufi ŋ. Katika Kiganda herufi hiyo huwakilisha sauti ileile, ila si tahajia ya Kiswahili. Hili ni kosa la kweli na linahitaji kufundishwa.

Je, tuache kudai ritifaa? La hasha. "Ng'oa" ni kutoa kitu kilichojikita, kama mti au jino. "Ngoa" ni tamaa au wivu. Ritifaa hubeba maana.

Tunapendekeza yafuatayo:

1. Mwalimu aorodheshe majibu ya aina zote mbili za ritifaa, kisha aijaribu fomu kwa simu kabla ya siku ya jaribio.

2. Mtayarishaji wa fomu aagize ritifaa zote zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya kulinganishwa. Aiombe pia simu isisahihishe maneno katika nafasi za majibu. Asitegemee fomu kuchagua lugha ya kibodi, kwani uamuzi huo hubaki kwa mwenye simu.

3. Mwanafunzi aongeze Kiswahili kwenye kibodi yake, ili simu isigeuze maneno yake kuwa ya Kiingereza.

Mashine husahihisha haraka, lakini mwamuzi wa tahajia ni mwalimu.