Malisho yaliyoharibika yanarudi namna gani?

Wazee wetu husema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa Ituri tumeona pia upande wa pili wa methali hiyo: nyasi zikiisha, fahali hupigana. Ng'ombe waliokosa malisho huingia usiku katika shamba la mihogo, na kesho yake watu hawazungumzi tena juu ya nyasi. Wanazungumza juu ya kabila. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza ndugu wa makanisa yetu jinsi malisho yanavyoharibika na jinsi yanavyoweza kurudishwa.

Bunia na vilima vinavyoizunguka, hadi miinuko iliyo juu ya Ziwa Albert, ni nchi ya nyasi tangu zamani. Tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, nchi hii imeumia kwa namna mbili. Pale watu walipokimbia, vichaka vimefunika mashamba na malisho. Pale walipokimbilia na mifugo yao, ng'ombe wengi wanakula mahali padogo bila kupumzisha udongo. Majani mazuri huliwa kwanza, huliwa tena kabla ya kutoa mbegu, na mwisho mizizi yake hufa. Yanabaki yale magumu ambayo ng'ombe hayataki.

Nafasi hiyo tupu ndiyo magugu yanaipenda. Mawili yametoka Amerika. La kwanza ni Lantana camara, kichaka chenye miiba midogo na maua ya rangi zinazochanganyika. Ng'ombe akila majani yake mengi, ini na ngozi yake huharibika. La pili wataalamu huliita Chromolaena odorata. Mbegu zake ni nyepesi, zinapeperushwa na upepo kwa maelfu, na chini yake nyasi hukosa jua.

Wengi hufikiri moto utamaliza kazi. Ni kweli kwamba nchi ya nyasi imezoea moto, na moto wa wakati wake huweza kusaidia. Lakini gugu lililoungua juu huchipuka tena kutoka shinani, na kuchoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kunaacha udongo uchi mvua ya kwanza inapofika. Kazi yenyewe ina hatua nne.

Kwanza, kung'oa. Gugu litolewe pamoja na shina lake la chini, kabla halijachanua, wakati udongo una unyevu. Mtu akikata kwa panga tu atarudi kukata tena. Mahali palipong'olewa parudiwe kila baada ya majuma machache, maana mbegu zilizolala udongoni zitaota.

Pili, kupanda. Kama majani mazuri yangali yako hapa na pale, mara nyingi yatarudi yenyewe. Kama yamekwisha, tutafute mbegu za kienyeji: zikusanywe zinapoiva, zikaushwe kivulini na kuhifadhiwa pakavu. Zimwagwe mvua inapoanza kutulia, juu ya udongo uliokwanguliwa kidogo, na zifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Zikifukiwa sana hazitoki. Majani mengine hupandwa kwa kugawanya mashina yenye mizizi.

Tusidharau majani ya kwetu. Brachiaria ruziziensis imepewa jina kutokana na bonde la Ruzizi, kule Kivu ya Kusini. Leo nyasi hiyo inalisha ng'ombe hata Brazili. Wengine wamevuka bahari kutafuta kile tunachokikanyaga.

Tatu, kupumzisha. Nyasi changa zisiliwe mpaka zishike mizizi vizuri na kutoa mbegu. Baadaye ng'ombe wale sehemu moja huku nyingine ikipumzika.

Nne, kupatana. Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Hakuna ua unaoshinda jirani asiyekubali. Huko Baringo, Kenya, shirika la RAE limefanya kazi hii tangu 1982: wanazungushia ua ardhi iliyokufa, wanapanda nyasi za kienyeji, na wenyeji wenyewe wanapanga nani alishe, lini, na nani akate nyasi za kuuza. Baringo hiyohiyo ilipandwa mti wa kigeni uitwao mathenge ili kuzuia jangwa, nao ukasambaa na kuziba malisho. Nia ilikuwa njema, lakini mti haukuwa wa mahali pale.

Baadhi ya ndugu wanaweza kuuliza: je, katika Mathayo 13 mwenye shamba hakukataza magugu yasing'olewe? Bwana mwenyewe alieleza mfano ule: shamba ni ulimwengu, na hukumu ya watu ni ya Mungu. Mfano ule unatukataza kung'oa jirani. Haumkatazi mkulima kushika jembe.

Tusome pia Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha. Abramu, aliyekuwa mkubwa, alimwachia mdogo wake achague kwanza. Wao walikuwa na nchi ya kwenda kulia au kushoto. Sisi wa Djugu na Irumu hatuna tena nchi tupu ya kugawana, hivyo imetupasa kuifanya hii tuliyo nayo iote tena, pamoja.

Umoja wa Mataifa umeuweka mwaka 2026 kuwa mwaka wa nyanda za malisho na wafugaji. Sisi tunaweza kuanza na kidogo. Makanisa yetu mengi yana konsesyoni ambayo sehemu yake imegeuka kichaka. Pale penye usalama, kanisa litenge kipande cha hatua hamsini kwa hamsini, liite wakulima na wafugaji wakae pamoja kabla ya jembe la kwanza, na waandike mapatano: nani atang'oa, nani atalinda, ng'ombe wa nani wataingia na lini. Mbegu ikishatoa mbegu, igawiwe pande zote mbili.

Lugha yetu humwita mlinzi wa ng'ombe na mtumishi wa kanisa kwa neno moja, mchungaji. Basi sisi wa madhabahuni tusione haya kuinama na kung'oa magugu pamoja nao.