Kazi ya Mwanamke wa Karagwe katika Vita vya Mabeberu

Husemwa mara nyingi kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914–1918, vilimfungulia mwanamke mlango wa ajira. Kwa Uingereza kauli hiyo ina ukweli: mamia ya maelfu ya wanawake waliingia katika viwanda vya silaha wakalipwa mshahara, ingawa mdogo kuliko wa wanaume. Lakini mwanamke wa Karagwe aliletewa na vita hivyo hivyo kazi bila ajira. Yatupasa kueleza sababu.

Karagwe, ambayo Kyerwa ilikuwa sehemu yake hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, ilikuwa mpakani mwa mabeberu wawili: Mjerumani aliyeitawala, na Mwingereza aliyekuwa Uganda. Mapigano yalifuata Mto Kagera. Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba, na mwaka 1916 wakaitwaa sehemu hiyo yote.

Reli na barabara zilikuwa chache; mizigo ya vita ilikwenda juu ya vichwa vya Waafrika. Katika Afrika Mashariki, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni 1. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jeshi hilo la wapagazi.

Mwanamume alipochukuliwa, nani aliilisha nyumba? Ni mwanamke. Yeye aliyekuwa akilima maharage na mtama, sasa alibeba pia kazi za mwanamume katika migomba. Na majeshi yalikula chakula cha wakulima hao hao. Wanawake wengine walifuatana na waume zao askari katika safu za Wajerumani, wakipika na kubeba mizigo.

Hapa ndipo penye kiini cha unyonyaji. Mkoloni alimpa mpagazi ujira wa kumtosha mtu mmoja tu, kwa kuwa alijua jembe la mke litawalisha watoto. Kwa hiyo jasho la mwanamke lilisaidia kugharimia vita vya mabeberu, wala halikuandikwa katika daftari lolote la mishahara.

Hata Uingereza, vita vilipokwisha wanawake wengi waliondolewa viwandani kuwapisha wanaume. Kura ya mwaka 1918 ilitolewa kwa waliotimiza miaka 30 tu, tena kwa masharti ya mali. Funzo ni wazi: asiyemiliki njia za uzalishaji hupewa kazi anapohitajiwa, hunyang'anywa asipohitajiwa.

Ndugu, tusiishie katika historia. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko wanaume. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliitengua mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa haki sawa ya kumiliki ardhi.

Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Kila tawi la Karagwe na Kyerwa lijiulize: anayechuma na kuianika kahawa, je, jina lake limo katika chama cha msingi? Fedha zikilipwa, nani huamua matumizi? Hati ya shamba ina jina la nani? Pale majibu yote matatu yanapomtaja mwanamume peke yake, mwanamke bado anafanya kazi bila ajira, kama mwaka 1916.