Fundi wa nyumbani na vumbi la mbao: achague chombo gani?

Katika miji yetu wako wafanyakazi wengi ambao, saa za kazi zikiisha, huvua sare ya kiwandani au mavazi ya ofisini na kushika randa. Huyu hutengeneza vitanda vya majirani, yule makabati ya jikoni, na mwingine meza na viti vya kuongezea pato la nyumba. Karakana zao haziko mbali. Ni chumba cha uani, banda la bati kando ya ukuta, au baraza. Hapo ndipo mbao hukatwa, na hapo hapo watoto hucheza, nguo huanikwa na chakula hupikwa.

Fundi wa zamani alitumia msumeno wa mkono na randa ya mkono, vyombo ambavyo hutoa maranda makubwa yanayoanguka chini na kufagiliwa jioni. Siku hizi msumeno wa mviringo, randa ya umeme na mashine ya msasa zimeingia hata katika karakana ndogo. Zimepunguza jasho, lakini zimeongeza vumbi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua mashine nyingine yakupasa kujiuliza swali ambalo wengi hulisahau: je, vumbi lake litakwenda wapi?

ADUI ASIYEONEKANA

Wengi hudhani kwamba vumbi la kuogopwa ni lile linalorundikana sakafuni. Sivyo. Rundo hilo ni uchafu tu, na ufagio hulimaliza. Vumbi la hatari ni unga mwembamba unaoelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Unywele wa binadamu una unene wa karibu sehemu 70 kati ya sehemu elfu za milimita, ambazo wataalamu huziita maikroni. Chembe zilizo chini ya maikroni 10 hupita koo, na zile zilizo ndogo zaidi hufika hata ndani kabisa ya mapafu.

Madhara yake yanajulikana. Vumbi la mvule huweza kuleta pumu na kuwasha ngozi. La mpingo huwasha ngozi pia. La mkongo huchokoza pua na kuleta chafya. Mbao za MDF, ambazo sasa zimejaa madukani, hutoa unga mwembamba sana uliochanganyika na gundi yake.

Lililo zito zaidi ni saratani ya pua. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza, miongoni mwao Esmé Hadfield, walichapisha utafiti kuhusu mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe, mji uliosifika kwa utengenezaji wa viti. Waligundua kwamba aina ya saratani ya pua iliyo adimu sana kwa watu wengine iliwapata mafundi hao mara nyingi kupita kiasi, na kwamba ilijitokeza baada ya miaka mingi ya kazi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kiasi gani basi ni kingi? Tangu mwaka 2020 sheria ya Uingereza inataka vumbi la mbao ngumu lisizidi miligramu 3 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chukua karakana yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Hiyo ina mita 30 za ujazo. Miligramu 90 tu za unga, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu, zikielea humo, kiwango hicho kimefikiwa. Kiasi hicho hukaa juu ya ncha ya kijiko.

Mama apepetapo mchele, kilicho kizito hubaki katika ungo na kilicho chepesi huruka. Chombo duni cha kukusanya vumbi hufanya vivyo hivyo: hukamata maranda mazito na kuupeperusha unga mwepesi chumbani. Sakafu hung'aa, fundi akafurahi, kumbe hewa imezidi kuharibika. Kwa hiyo usipime chombo kwa usafi wa sakafu. Kipime kwa jinsi kinavyoushughulikia ule unga usioonekana.

MVUTO NA WINGI WA HEWA

Vyombo vya kufyonza vumbi viko vya namna mbili kubwa, na kuvichanganya ni kutupa fedha.

Cha kwanza ni kifyonza vumbi cha karakana, chenye mpira mwembamba. Hiki huvuta kwa nguvu sana, lakini hewa yake ni chache, mithili ya mtu anywaye maji ya dafu kwa mrija. Kinafaa kwa mashine ndogo za mkononi: ya msasa, msumeno wa mkono wa umeme, na kadhalika. Ukikifunga kwenye randa kubwa ya umeme, maranda yataziba mpira mara moja.

Cha pili ni feni kubwa yenye mfuko, ambayo bomba lake huwa na upana wa inchi 4 au zaidi. Hii husukuma hewa nyingi, lakini mvuto wake ni hafifu. Inafaa kwa mashine zilizosimama mahali pamoja: msumeno wa meza, msumeno wa mkanda, randa ya mashine. Ukiifunga kwenye mpira mwembamba wa mashine ya msasa, haitafanya lolote la maana.

Basi anza kwa kuhesabu mashine ulizo nazo. Kama kazi yako ni ya vyombo vya mkono tu, huhitaji kununua mtambo. Fanya kazi mahali penye hewa, na uvae barakoa wakati wa kupiga msasa. Kama una mashine ndogo za mkononi, nunua kifyonza chenye kichujio cha unga mwembamba. Vichujio vinavyoitwa HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Kama una mashine kubwa, tafuta feni.

PIPA LA KUTENGANISHIA

Kichujio kizuri huziba upesi kikimezeshwa maranda. Dawa yake ni kuweka pipa kati ya mashine na kifyonza. Hewa huingizwa kwa ubavuni ili izunguke ndani kama kimbunga. Maranda hurushwa ukutani na kuanguka chini, na hewa hutokea katikati ya mfuniko kwenda kwenye kichujio. Mitambo mikubwa ya karakana za kazi nyingi hutumia kanuni hiyo hiyo.

Fundi mwenye mikono mizuri aweza kujitengenezea pipa hilo kwa gharama ndogo. Lakini achague pipa gumu. Pipa la plastiki nyembamba hujikunja na kubonyea mpira unapoziba, kwa sababu kifyonza huendelea kuvuta hewa iliyomo. Aidha, mfuniko ukae imara pasipo upenyo. Tena ifahamike kwamba pipa halinasi ule unga mwembamba. Hulinda tu kichujio, na kichujio ndicho kimlindacho mtu.

BOMBA

Wako wanaonunua feni yenye nguvu kisha wakaifunga bomba jembamba la mita nyingi lenye kona nne. Hapo nguvu yote hupotea njiani. Ili maranda yasituame, hewa yapasa kwenda kwa mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bomba la inchi 4 hupitisha mita za ujazo kama 565 kwa saa, na la inchi 6 hupitisha zaidi ya mara mbili ya hizo.

Weka bomba fupi, lililonyooka, laini kwa ndani. Penye kona, tumia viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90. Mpira wenye mikunjo uwe mfupi kadiri iwezekanavyo. Kila tawi liwe na kifuniko cha kufunga, ili feni ivute kwenye mashine inayofanya kazi peke yake. Wala usivutiwe na tarakimu zilizochapwa kwenye boksi. Aghalabu feni hupimwa pasipo bomba wala mfuko. Hatimaye, mdomo wa bomba uwe karibu kabisa na mahali jino linapokata, kwani vumbi likishatawanyika ni shida kulirudisha.

KUITOA HEWA NJE

Vitabu vingi vya useremala huandikwa katika nchi za baridi, ambako hewa yenye joto hairuhusiwi kutoka nje, na hivyo fundi hulazimika kununua vichujio vya bei kubwa. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kuhifadhi joto. Aweza kuyanasa maranda katika pipa na kuutoa unga nje kabisa, hewa mpya ikiingia mlangoni. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Lakini nafuu hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni jirani. Kuuelekeza unga kwenye dirisha lake au kamba yake ya nguo ni kumhamishia maradhi. Kama nyumba zimebanana, rudi kwenye kichujio kizuri. La pili ni jiko. Feni ikivuta hewa katika nyumba iliyofungwa, moshi wa jiko la mkaa waweza kuvutwa ndani na kudhuru watu.

MOTO NA NGUO

Vumbi la mbao huwaka. Mwaka 2012 viwanda viwili vya kupasulia mbao katika jimbo la British Columbia, Kanada, vililipuka kwa vumbi, na watu wanne wakapoteza maisha. Karakana ya nyumbani ni ndogo, lakini cheche haijui udogo. Usifyonze cheche za kunolea vyuma kwa chombo kile kile cha maranda, toa taka kila jioni, na usitupe ndani yake matambara yenye mafuta ya kitani, kwani hayo huweza kushika moto yenyewe.

Usafi nao uwe wa kufyonza au wa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu na upepo wa kompresa huurudisha unga hewani. Baada ya kazi, vua nguo za kazi hapo hapo karakanani kabla ya kumpakata mtoto, nazo zifuliwe peke yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa seremala maneno hayo ni kweli tupu.

JIPIME MWENYEWE

Ukishafunga chombo chako, usikiamini kwa maneno ya muuzaji. Ngoja giza liingie, zima taa, washa mashine na upige msasa kipande cha ubao. Mwenzako asimame ng'ambo akiwa na kurunzi kali, mwanga wake upite katikati ya vumbi kuelekea upande wako, nawe utazame kando kidogo ya mwanga huo usije ukaumiza macho. Kila kinachong'aa hewani ni kile ambacho mapafu yako yangekivuta. Kikiwa kingi, sogeza mdomo wa bomba, fupisha mpira, ziba upenyo, kisha jaribu tena.

Mashine ya kukata huleta fedha, na chombo cha kunasa vumbi hakileti hata senti moja. Ndiyo maana wengi hukiahirisha. Lakini saratani ya mafundi wa High Wycombe ilingoja miaka mingi kabla ya kujitokeza. Wewe unayeongeza pato kwa ajili ya wanao, hesabu bei ya chombo hicho pamoja na bei ya mashine yenyewe, tangu siku ya kwanza.