Mashine Gani Imfaayo Fundi wa Visu?
Fundi wa visu wa Kona ya Musa mwenye fedha za kununua mashine moja tu, na afikiri kwanza. Kisu chema si mistari iliyonyoka pekee. Tumbo la bapa limebinuka, na mpini umebonyea panapokaa kidole.

Grainda ya mkono hukata chuma upesi, lakini sahani yake ni ngumu, nayo huacha makovu penye pindo. Mashine ya ukanda wa msasa yafaa zaidi. Ukanda usioegemea kitu nyuma yake hulegea ukafuata mbinuko. Gurudumu lake husaga mbonyeo. Pindo dogo la kidole lataka rola nyembamba ya msasa ifungwayo kwenye drili.

Pua iliyokwisha kupewa ugumu ikigeuka buluu, yapata digrii 300 za Sentigredi, makali yake hayatadumu. Basi ichovywe majini mara kwa mara. Vumbi la mpingo na mvule hudhuru mapafu: fundi afunike pua na mdomo, avae na miwani.

Asiye na umeme asikate tamaa. Tupa ya nusu duara, na msasa uliozungushiwa kijiti, hufanya kazi ile ile, ila polepole.