Ua Wangu Uling'olewa na Baridi

Wiki mbili zilizopita mwana wa kakangu alinipigia simu kutoka St. Paul, jimbo la Minnesota. Amenunua nyumba yake ya kwanza na mkewe anataka ua kabla joto halijaingia. "Ami," akaniambia, "nimeona nguzo za futi 8 dukani, bei nzuri, na fundi yuko tayari Jumamosi. Nimpe pesa?" Nikamwambia usimpe hata senti, keti kwanza nikueleze. Tulizungumza saa nzima. Kwa vile najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna ndugu au mtoto Minneapolis, Toronto au Oslo, nimeona niyaandike yale niliyomwambia, mumtumie.

Mimi nimelelewa Kisauni nyuma ya ua wa makuti uliosimamishwa kwa vikingi vya mikoko. Ndani ya ua ule mama alipika, alianika nguo, alisuka mikeka na kupiga soga na majirani bila kuwa na haja ya kujitanda. Sisi watu wa pwani ua kwetu si kuzuia mwizi tu, ni sitara. Na adui wa ua wa kwetu tunamjua: mchwa chini, hewa ya chumvi juu. Ukipata mti mgumu, ukachimba shimo la futi 2, ukashindilia udongo vizuri, mambo yamekwisha. Kuti likichakaa unabadilisha.

Nikaja Minnesota na elimu hiyo hiyo. Nilipopata nyumba, mama alikuwa anatarajiwa kuja kututembelea mwezi wa sita, nami nikasema lazima akute ua. Mwezi wa kumi mwaka uliotangulia nikatafuta fundi, mtu wa kazi za mkono aliyeletwa na rafiki. Akasimamisha ua wa mbao wa futi 6, umezibwa hauonyeshi hata ndani, mashimo ya futi 2, zege kila nguzo. Dola 6,000, akiba yetu ya karibu mwaka mzima. Ulipendeza hasa. Nilipiga picha nikamtumia mama.

Theluji ilipoyeyuka mwezi wa nne, geti halikufunga. Nikatazama kwa mstari: nguzo zimeinuka kama meno mabovu, hii inchi 2, ile inchi 4, nyingine imelala upande. Mbao zimeachana na misumari. Mama alipofika upande mmoja ulikuwa umeanguka kabisa na majirani wanatuona mpaka jikoni. Alikaa miezi miwili ndani, kiti chake kikiwa dirishani. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi nilipompigia alisema ni upepo. Haikuwa upepo. Na hapa ndipo penye somo lenyewe.

Katika nchi za baridi kali ardhi huganda kuanzia juu kwenda chini, kama vile jagi la maji kwenye friza. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Lakini hiyo peke yake haitoshi kung'oa nguzo. Kibaya zaidi ni kwamba sehemu inayoganda huvuta maji kutoka udongo wa chini ambao bado haujaganda, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji hayo hujipanga kuwa tabaka za barafu, na kila tabaka ikinenepa huisukuma ardhi juu. Udongo ulioganda nao umeshika ubavu wa nguzo kwa nguvu, kwa hiyo ukipanda unapanda nayo. Chini ya nguzo hubaki uwazi. Jua likirudi, udongo na mchanga huingia katika uwazi ule kabla nguzo haijashuka. Mwaka wa pili yale yale. Nguzo haizami tena, ni kupanda tu, kidogo kidogo, mpaka itoke.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kina. Kitako cha nguzo kiwe chini ya pale baridi inapofika. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42, yaani futi 3 na nusu, sehemu ya kusini ya jimbo pamoja na Minneapolis na St. Paul, na inchi 60 sehemu ya kaskazini. Kanuni hiyo ni ya misingi ya majengo, lakini baridi haichagui nyumba na ua, na fundi anayejua kazi hutumia kipimo hicho hicho. Anayeishi mji mwingine aulize ofisi ya ujenzi ya mji wake. Kila mahali pana kipimo chake.

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo nilipoibiwa bila kujua. Ua wa futi 6 juu ya ardhi, ongeza futi 3 na nusu chini: futi 9 na nusu. Ina maana nguzo ya futi 10. Ile ya futi 8 anayoiona mwana wa kakangu dukani, ukitoa futi 6 za juu, imebaki futi 2 za kuzika. Nguzo ile yenyewe inakuambia fundi atachimba kiasi gani, hata kabla hajafungua mdomo. Siku hizi mtu akinionyesha bei ya ua, swali langu la kwanza ni moja tu: nguzo zako zina urefu gani?

Dawa ya pili ni umbo la shimo. Fundi wangu alimwaga zege ikafurika juu, ikawa pana kama uyoga. Uyoga ule ni mkono mzuri kwa barafu kushika na kuinua. Shimo linatakiwa liwe na kuta zilizonyooka, na likiwezekana liwe pana chini kuliko juu, kama mtungi. Wengine huweka bomba la karatasi ngumu ndani ya shimo ili zege iwe laini ubavuni na barafu ikose pa kukamata. Juu, zege imalizwe kwa mteremko ili maji yakimbie nguzo. Chini weka inchi kadhaa za kokoto, maji yapate pa kwenda.

Wako mafundi wasiotumia zege kabisa. Wanajaza shimo kwa kokoto zilizopondwa na kuzishindilia tabaka kwa tabaka. Kokoto hazishiki maji, na pasipo maji hapana barafu ya kusukuma. Mimi safari ya pili nilitumia zege kwa nguzo za geti tu, zilizobaki kokoto. Udongo wa nyuma ya nyumba yangu ni laini kama unga, aina inayovuta maji kuliko zote, na hata mchanga mtupu ungalikuwa afadhali.

Kabla ya kuchimba hayo yote kuna simu ya kupiga, na usifanye mzaha nayo. Marekani nambari ni 811. Ni bure. Wanakuja watu kuchora rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji, rangi ya chungwa ni simu na intaneti, kijani ni maji taka. Minnesota unatakiwa uwaarifu mapema kabla ya kuchimba, na wikendi na sikukuu hazihesabiwi. Lakini wanachora mabomba na nyaya za makampuni tu. Waya uliovutwa na mwenye nyumba wa zamani kwenda gereji hawaujui, huo utafute mwenyewe. Na karibu na alama weka keekee chini, chimba kwa mkono.

Kuna na mpaka. Huku hakuna ukuta wa mawe wa babu unaokuonyesha shamba linaishia wapi. Majani ni yale yale upande huu na ule. Tafuta ramani ya upimaji, ikibidi lipa mpimaji, usiamini macho ya jirani wala ya kwako. Miji mingi inataka kibali au ina masharti ya urefu, na kwa kawaida ua wa mbele ya nyumba lazima uwe mfupi kuliko wa nyuma. Nyumba ya pembeni ina masharti yake zaidi, ili madereva waonane. Mitaa mingine ina chama cha wenye nyumba kinachokuchagulia mpaka rangi. Uliza kabla.

Ua wa nini basi? Plastiki nyeupe inavutia, haiozi, haitaki rangi. Ila baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, na huku hufika, plastiki hukakamaa. Mpira wa mtoto, au kipande cha barafu kilichorushwa na mashine ya theluji, na ubao unapasuka kama sahani. Tena hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi kwenye maungio. Ukiipenda, nunua nzito, si ile nyembamba ya bei ya kutupa.

Seng'enge ya mabati ni rahisi na upepo unapita, lakini sitara hapana. Watu huchomeka vipande vya plastiki kwenye matundu ili izibe, wakasahau kwamba sasa upepo haupiti tena na nguzo zilikuwa za ua wa matundu. Ikiwa iko karibu na barabara, kumbuka huku wanamwaga chumvi barabarani msimu mzima wa baridi. Nilicheka peke yangu siku niliyoona kutu ya chumvi kwenye waya wa jirani: nimevuka bahari mbili, nimeikuta chumvi imenitangulia.

Mimi nilibaki na mbao. Mwerezi mwekundu una mafuta yake yanayozuia kuoza. Ukiuacha bila rangi hugeuka kijivu, si ugonjwa. Msonobari uliotiwa dawa ni wa bei nafuu, lakini soma kibandiko. Ziko mbao zilizotiwa dawa ya kukaa juu ya ardhi na ziko za kugusa ardhi. Nguzo iwe ya kugusa ardhi, na ile ncha uliyoikata iwe juu, isizikwe, na ipakwe dawa. Misumari na skrubu ziwe za mabati mazito au chuma kisichoshika kutu, maana dawa ya mbao ina shaba na hula chuma cha kawaida. Mbao mpya za dawa huwa zimeloa. Zikikauka husinyaa, kwa hiyo usipake rangi siku ya kwanza.

Jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo ni theluji yenyewe. Minneapolis hupata zaidi ya futi 4 kwa msimu, ingawa haiji kwa siku moja. Upepo ukigonga ua uliozibwa unapoteza kasi na kutua mzigo wake pale pale, upande huu na ule. Niliamka asubuhi moja nikakuta lundo limenifika kifuani nyuma ya mlango wa uani, na kwingineko ardhi karibu nyeupe tu. Ua wenye nafasi kati ya mbao huachia upepo upite, theluji ikatawanyika mbali zaidi na nguzo zikapumua. Basi safari ya pili tulipanga mbao kwa kupishana, moja mbele moja nyuma. Ukitazama moja kwa moja huoni ndani, lakini upepo unapenya ubavuni. Mke wangu ndiye aliyelitoa wazo hilo, naliandika hapa kwa sababu aliniambia nisipoliandika ataliandika yeye.

Geti lifunguke kuelekea ndani, na chini liachiwe inchi 4 au zaidi, la sivyo theluji kidogo tu inalifunga. Nguzo zake ziwe nene kuliko nyingine. Ubao wa mshazari uanze bawaba ya chini upande hadi kona ya juu penye komeo; ukiupigilia kinyume geti linainama. Na komeo likiganda usilimwagie maji ya moto. Yanaganda tena, na safari hii yameingia mpaka ndani.

Wakati wa kujenga nao una siri yake. Ardhi ikishaganda huchimbi. Zege nayo haipendi kumwagwa baridi ikiwa chini ya nyuzi 4 hivi. Ikiganda kabla ya kushika inabaki unga mtupu. Masika udongo umejaa maji na mafundi wote wameshikika. Mimi napenda mwezi wa nane na wa tisa: udongo mkavu, na fundi anarudi simu.

Ua wangu wa pili niliusimamisha mwenyewe mwezi wa nane, pamoja na vijana wawili wa msikitini na keekee ya kukodi. Nguzo 22, kila moja nimeipima shimo kwa utepe kabla haijaingia. Umepita misimu minne ya baridi. Kila mwezi wa nne natoka na pimamaji, nguzo moja baada ya nyingine. Mwaka jana mmoja ulikuwa umesogea robo inchi, na ule ndio shimo nililoacha kijana alimalizie nilipokwenda kuswali.

Mama alirudi kiangazi kilichopita. Alitandika mkeka wake uani, akavua mtandio, akamenya viazi.

Mwana wa kakangu amekubali kungoja. Amepiga 811, ameagiza nguzo za futi 10, na yule fundi wa Jumamosi alipoambiwa futi 3 na nusu alisema ataangalia ratiba yake. Hajarudi simu mpaka leo.